Mstaafu, hesabu ni mara ngapi unaigusa akaunti

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja dawatini kwetu na karatasi nne za taarifa ya akaunti, amezikunja ndani ya bahasha ya kaki. Hakuzunguka. "Mwanangu, kuna mtu ananiibia." Tukazisoma pamoja, yeye na miwani yake, mimi na kalamu nyekundu. Mwizi hakuwepo. Kulikuwa na mistari mifupi mifupi: kutoa 20,000 kwenye ATM, chini yake makato, kutoa 20,000 tena, makato, kuangalia salio, makato, ada ya mwezi. Na tangu 2016, hapa Tanzania, ada hizo za benki zinabeba VAT.

Kila benki ina bei zake, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme pensheni ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Mzee anatoa mara 14, kila mara anakatwa 1,500: tayari ni 21,000. Anaangalia salio mara nane, 400 kila mara: 3,200. Ada ya kuendesha akaunti 2,500. Jumla 26,700 kwa mwezi, yaani 320,400 kwa mwaka. Pensheni ya mwezi mzima imekwenda, na chenji juu.

Nilimuuliza kwa nini asitoe mara moja akamaliza. Akacheka. "Hela ikilala nyumbani, wajukuu wanaisikia kabla sijaihesabu." Namwelewa. Wazee wengi hutoa kidogo kidogo si kwa kutojua hesabu. ATM ndiyo ukuta wao dhidi ya maombi ya ndugu na jamaa. Tatizo ni kwamba ukuta huo unalipiwa pango. Nilimshauri atoe mara mbili tu: pensheni ikiingia, ya umeme, dawa na mchele, kisha katikati ya mwezi. Kinachobaki akihamishie kwenye akaunti ya akiba isiyo na kadi. Mjukuu akiuliza, babu atajibu kwa ukweli kwamba mfukoni hana kitu.

Kuna kosa jingine ambalo mara nyingi si la mzee. Alifunguliwa akaunti ya mshahara akiwa kazini, akastaafu, na hakuna aliyemwambia kwamba inaweza kubadilishwa. Nenda tawini uombe jedwali la ada na tozo, ambalo benki inatakiwa kuliweka wazi, kisha uliza kama wana akaunti ya wastaafu au ya wazee. Baadhi ya benki zinayo, bila ada ya mwezi. Ujumbe wa simu wa kila muamala nao unaweza kuwa na bei, lakini huo usiukate hata kama unauma: ndio mlinzi wako wa kwanza siku mtu akiigusa akaunti. ATM ya benki nyingine kwa kawaida hukata zaidi kuliko ya benki yako. Kwa wakala, makato hupita kwenye mashine. Hupaswi kumpa chochote mkononi, na usiondoke bila risiti. Ukiona kato usilolielewa, andika barua ya malalamiko tawini na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokujibu, peleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambako kuna dawati la kushughulikia wateja wa benki.

Sasa fedha ya mkupuo, ile unayolipwa kwa mara moja ukistaafu. Hapa wanaotoa ushauri ni wengi, na baadhi yao wana bodaboda ya kukuuzia. Kabla ya kuuliza riba ni ngapi, jiulize hela hii utaihitaji lini.

Ile ambayo hutaigusa kwa miezi sita au mwaka inafaa kwenye amana ya muda maalumu, yaani unaifungia benki kwa kipindi mlichokubaliana. Mfano: milioni 10 kwa riba ya asilimia 8 huzaa 800,000 kwa mwaka, kodi ya zuio ya asilimia 10 inachukua 80,000, unabaki na 720,000. Ukiivunja kabla ya muda, unaweza kupoteza riba yote au sehemu yake. Uliza pia siku ya kuiva: benki nyingi, ukinyamaza, huifunga upya kwa kipindi kilekile, nawe ukaja kuambiwa usubiri mwaka mwingine huku paa linavuja.

Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinaanzia shilingi milioni moja, na riba yake huingia mara mbili kwa mwaka. Kwa mstaafu hiyo ni pensheni ndogo ya pembeni. Mimi hata hivyo nasita kumwona mzee wa miaka 70 akiweka kila alichonacho kwenye hatifungani ya miaka 25. Kuuza katikati inawezekana, ila utauza kwa bei ya soko ya siku hiyo, na shida haisubiri bei nzuri. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja, kama ule wa Ukwasi wa kampuni ya serikali ya UTT AMIS, ni rahisi zaidi kuingia na kutoka. Faida yake hupanda na kushuka, haiahidiwi.

Usalama nao una mpaka. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo zilizopungukiwa mtaji. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamlipa mwenye amana hadi 1,500,000 tu; aliyezidisha hapo alibaki kusubiri ufilisi. Leo kiwango ni 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Mwenye milioni 30 afikirie hilo kabla ya kuziweka zote sehemu moja kwa sababu tawi liko karibu na soko. Akiba ya SACCOS haimo kabisa kwenye bima hiyo.

Tulipofika karatasi ya nne nilimuuliza mwalimu kama mkewe anajua fedha hizi ziko benki gani. Akanyamaza, akaanza kuzikunja karatasi. Nikamweleza kwamba mwenye akaunti akifariki, familia hupitia mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi asiyejua pa kuanzia huzunguka benki moja baada ya nyingine akiwa na cheti cha kifo mkononi. Akachukua kalamu yangu, akaandika nyuma ya bahasha ya kaki jina la benki, tawi na namba ya akaunti. Mstari wa nne akaandika "namba ya siri" na nukta mbili. Nikaomba kalamu, nikaufuta.