Jina la Kyela kwenye mfuko wa mchele: kinachosajilika na kisichosajilika

Mifuko mingi ya mchele inayouzwa Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, imeandikwa Kyela. Wenye mashine za kukoboa huuliza kama wanaweza kulisajili jina hilo liwe lao peke yao. Hawawezi. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama itofautishe bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine, na Kyela ni wilaya: kila mkulima wa huko ana haki ya kutaja mpunga wake ulikotoka.

Kinachosajilika ni kile ulichobuni mwenyewe: neno la kubuni, mchoro, au vyote viwili pamoja. Unaweza kuliacha "Kyela" ndani ya nembo, ila Msajili anaweza kukutaka ukubali kwa maandishi kwamba hudai haki ya pekee juu ya neno hilo. Wapo wanaolikataa sharti hili wakidhani wananyang'anywa, kumbe nembo yao inabaki salama. Jina lililosajiliwa kama jina la biashara, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango), msimbo wa mistari ya kuskani: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya kumzuia jirani asiige mfuko wako.

Na anayejaza mchele wa kwingine kwenye mfuko ulioandikwa Kyela? Hilo ni kosa la maelezo ya uongo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Peleka mfuko wenyewe, stakabadhi ya ununuzi na mahali uliponunuliwa. Maneno matupu hayafiki mbali.

Maombi mengi huharibikia kwenye daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma unaloliombea alama. Bidhaa na huduma zimepangwa katika madaraja 45, na ada hulipwa kwa kila daraja. Mpunga ambao haujakobolewa uko daraja la 31, pamoja na chakula cha mifugo. Mchele na unga viko daraja la 30. Kazi ya kukobolea watu ni huduma ya daraja la 40, na mgahawa unaopika wali uko la 43. Aliyesajili la 31 peke yake huku anauza mchele uliofungashwa amelipia ulinzi wa kitu asichokiuza. Toleo la 13 la mpangilio huo, linaloanza Januari 2026, limehamisha baadhi ya bidhaa (miwani ya macho, kwa mfano, imetoka daraja la 9 kwenda la 10), lakini mchele umebaki palepale.

Ombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa namba ya NIDA. Kabla ya kulipa, tafuta kwanza kama kuna alama inayofanana na yako, kwa macho na kwa masikio pia, maana majina mawili yenye herufi tofauti yanayotamkwa karibu sawa hugongana. Pakia nembo bila kuifunga kwenye rangi fulani, isipokuwa rangi yenyewe ndiyo inayokutambulisha. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Vipi kuhusu mbegu yenyewe? Aina ya mmea haipewi hataza (haki ya pekee juu ya uvumbuzi) hapa kwetu. Aina mpya hulindwa na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012. Kwingine mambo ni tofauti: mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ilipewa hataza Marekani juu ya mchele wa basmati, na madai mengi ya hataza hiyo yaliondolewa baada ya India kuipinga. Mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 unalenga tatizo la namna hiyo: anayeomba hataza inayotokana na mmea au maarifa ya jadi atalazimika kutaja asili yake. Unahitaji nchi 15 kuuridhia ndipo uanze kutumika. Malawi ndiyo iliyotangulia.

Malawi yenyewe ni jirani wa kuangaliwa. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, unalimwa mchele uitwao Kilombero, jina la bonde letu ambalo kule limekuwa jina la aina ya mchele. Usajili wa BRELA hauvuki mpaka wa Kasumulu (kwenda Malawi) wala wa Tunduma (kwenda Zambia). Kwa Malawi unaweza kuomba kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, chini ya Itifaki ya Banjul inayohusu alama za biashara, ukiitaja Malawi katika ombi. Kwa Zambia, fungua ombi kwa msajili wa huko, PACRA. Ukiomba ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya ombi lako la kwanza hapa nchini na ukadai kipaumbele, ombi la nje huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo ya kwanza. Ukichelewa, anayeiga akikutangulia huko, kumng'oa ni kesi ya kufungua kwenye nchi yake, kwa gharama yako.