Sukari 126 na sukari 7 ni ileile

Mzee mmoja wa Pangani aliletwa na binti yake kwenye maabara yetu hapa Tanga mjini, apimwe sukari asubuhi kabla hajala. Jibu likatoka: 7.0. Binti akachomoa kwenye pochi karatasi ya kituo kingine, ya mwezi uliopita, imeandikwa kwa kalamu "Sukari 126", basi. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, daktari, imeshuka kutoka 126 mpaka 7! Sasa dawa si aache?"

Haikushuka hata chembe, dada. Ile 126 ni miligramu kwa desilita. Yetu ni milimoli kwa lita. Gawanya 126 kwa 18 unapata 7 kamili, na kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, hapo ndipo tunapoanza kuita kisukari.

Sokoni Mgandini ukitajiwa bei ya maharage utauliza: kwa kilo au kwa sado? Karatasi ya majibu hatuiulizi. Siku hizi inapigwa picha na kutumwa WhatsApp kwa ndugu aliyeko Dar, na picha imekata ukingo wenye vizio, yaani yale maneno ya mg/dL au mmol/L. Kreatinini, kipimo cha figo, nayo ni hivyohivyo: 1.0 kwa miligramu kwa desilita, 88 kwa maikromoli kwa lita, figo zilezile.

Malaria ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wengi bado tunaandika alama za kujumlisha. "++" maana yake ni vimelea 11 hadi 100 katika fildi 100 za darubini, yaani ukitazama sehemu 100 za tone la damu. Mtoto akiingia na 90, kesho yake baada ya dawa akabaki na 12, karatasi zote mbili zitasoma "++". Daktari wa zamu atadhani dawa imegoma, kumbe vimelea vimepungua zaidi ya mara saba. Shirika la Afya Duniani linataka tuhesabu: vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu 200 au 500, gawanya kwa chembe hizo, zidisha kwa 8,000, unapata vimelea kwa maikrolita ya damu. Foleni ya asubuhi wakati wa masika naijua vizuri. Bado nasema tuhesabu.

Kompyuta zinazotumiana majibu nazo hazijui kukisia. Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, ilianzisha mwaka 1994 orodha ya LOINC, inayokipa kila kipimo namba yake. Glukosi kwa miligramu ni 2345-7, kwa milimoli ni 14749-6. Namba mbili kwa sukari moja, makusudi kabisa, mashine isije ikachora mstari wa kushuka kutoka 126 hadi 7.

Pasipo na kompyuta, kalamu inatosha. Kwenye kadi ya mzee niliandika: "7.0 mmol/L, sawa na 126 mg/dL, hajala, saa 2:10 asubuhi." Binti akaisoma mara mbili, akamshika baba yake mkono, wakarudi chumba cha daktari.