Ustahimilivu wa jiji si uvumilivu wa wakazi

Maji ya masika yakituama, wauzaji wa soko la Mgandini, Tanga, wakakunja suruali na kuendelea kuuza, hakosekani mtu wa kushika kipaza sauti na kusema: "Tanga ni jiji stahimilivu." Hapana. Hao ni watu wavumilivu.

Ustahimilivu wa jiji ni uwezo wa huduma zake (maji, umeme, barabara, zahanati) kubeba pigo na kurudi kazini upesi. Basi.

Mchanganyo unaanzia kwenye neno lenyewe. "Stahimili" ni la Kiarabu, mzizi h-m-l, wa kubeba. Nduguze ni "himili" na "hamali". Waingereza wao walichukua la Kilatini, resilire, yaani kuruka na kurudi. Kwa hiyo neno letu lina mzigo lakini halina kurudi, na hapo ndipo uvumilivu unapojipenyeza. Ila mtazame hamali wa bandarini: sifa yake si kukaa na gunia begani, ni kulifikisha na kulitua. Asiyetua amelemewa.

Ndiyo maana mpimaji wa ustahimilivu haulizi tu huduma ilishuka kiasi gani, huuliza pia ilirudi baada ya siku ngapi. Tuseme mji wa kwanza maji yameshuka hadi asilimia 40, kisha yakapanda sawasawa hadi kujaa siku ya 10. Upungufu wa wastani ni nusu ya asilimia 60; kwa siku 10, umepoteza maji ya siku 3 nzima. Wa pili umeshuka hadi asilimia 70 tu, lakini umechukua siku 30 kujaa vilevile. Huo umepoteza siku 4.5. Uliotikisika kidogo ndio ulioumia zaidi.

Kulinganisha miji nako kuna mitego, kwanza mipaka haifanani. Dar es Salaam ni mkoa wenye halmashauri tano. Jiji la Tanga ni halmashauri moja, na ndani yake mna Pongwe na Tongoni, kwenye mashamba. Tena, alama za ustahimilivu zikipangwa kwa kuupa mji bora 100 na wa mwisho 0, ukiongeza Mombasa kwenye orodha alama ya Tanga inaweza kubadilika bila bomba hata moja kuguswa.

Kuwaita wa Mgandini wastahimilivu si kosa, kamusi inakuruhusu. Sifa ibaki yao tu. Ukitaka kulisifu jiji, tuambie kwanza: pampu za bwawa la Mabayani zikizimika, maji yanarudi mtaani Makorora baada ya saa ngapi?