Uwiano wa nguvu na uzito: gari la spoti la bei nafuu linahitaji hospawa ngapi ili linoge?

Chukua hospawa za injini, yaani kipimo cha nguvu zake, gawanya kwa uzito wa gari kwa tani. Jibu utakalopata ndilo uwiano wa nguvu na uzito. Gari la hospawa 200 lenye kilo 1,240 lina hospawa 161 kwa kila tani. Hesabu ni nyepesi kiasi hicho, na bado ndiyo inayorukwa kila watu wanapobishana kama gari fulani la spoti lina nguvu au halina. Wanashika hospawa na kuuacha uzito, au mbaya zaidi wanashika CC, ambazo ni ujazo wa silinda tu na peke yake hazisemi gari litaondokaje.

Gari lililobishaniwa sana kwa jambo hili ni Toyota 86 na pacha wake, Subaru BRZ. Yalitoka 2012 yakiwa na injini moja: FA20 ya lita 2.0, silinda nne zilizolala ubavu, bila turbo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), hospawa 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Malalamiko hayakukawia. Kwa pesa zinazokaribiana, mtu alipata gari dogo la familia lenye turbo na hospawa 250, sasa hili la milango miwili linajiitaje la spoti?

Weka uwiano mezani. Lotus Elise ya kwanza, ya 1996, ilikuwa na hospawa 118 tu, lakini uzito wake ulikuwa kama kilo 725. Hiyo ni hospawa 163 kwa tani, karibu sawa na Toyota 86 yenye hospawa 82 zaidi. Corolla AE86 ya 1983, ambayo jina la 86 limetokana nayo, ilikuwa na hospawa 130 kwa kilo 940 hivi: 138 kwa tani. Mazda Roadster ya 1989, ile inayojulikana nje ya Japani kama MX-5, ilitoka na hospawa 120 na uzito unaokaribia huohuo, yaani kama 128 kwa tani. Magari haya matatu yanapendwa na madereva mpaka leo, na hakuna hata moja linalofika hospawa 140. Kwa kulinganisha, Toyota Probox ya lita 1.5, hiyo inayobeba kila kitu Kenya, iko kwenye 105 hivi kwa tani.

Angalia jambo moja kabla ya kuamini namba za kitabuni: zinahesabu gari tupu. Pakia watu wanne wa kilo 70 kwenye ile 86 na uzito unakuwa kilo 1,520, uwiano unashuka hadi 132. Boksi la spika, tairi la akiba la ukubwa kamili na zana ambazo hujazitumia tangu mwaka jana vinaweza kula kilo 50 nyingine. Kushusha mzigo ni njia ya kuongeza uwiano isiyogharimu hata shilingi.

Sasa, uwiano huu unaeleza nini? Unaeleza gari litachomoka vipi kwenye barabara iliyonyooka. Hauelezi kona. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu, tairi zuri linaloshika kwa nguvu inayofikia asilimia 90 ya uzito uliolikalia. Kasi ya juu kabisa ya kupita hapo bila kuteleza ni kama kilomita 75 kwa saa. Ukiipiga hesabu yenyewe utakuta hospawa hazimo. Gari la hospawa 120 na la hospawa 400 yenye tairi zinazoshika sawasawa yatapita pale kwa kasi ileile. Uzito nao unaingia kwa mlango wa nyuma: ukiliongezea tairi mzigo, mshiko wake huongezeka, lakini si kwa kadiri ya mzigo ulioongeza. Ndiyo maana gari jepesi linageuka kwa urahisi, linasimama kwa umbali mfupi na halichoshi breki.

Toyota walilijua hilo. Timu ya mhandisi Tetsuya Tada ililivisha gari tairi za Michelin Primacy za 215/45 R17 (215 ni upana kwa milimita), tairi la kawaida la kuendea kazini, kwa makusudi, ili mshiko uishe kwenye kasi ndogo na dereva ahisi gari likianza kuteleza mapema, likimpa nafasi ya kulirudisha. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Wananunua gari, wiki ya pili wanaweka tairi pana za mbio, 245 kwa mfano, halafu wanalalamika kwamba injini haina nguvu. Ni kweli sasa haina. Mshiko umezidi uwezo wa injini, gari limegandamana na lami, na kilichobaki cha kuhisi ni ulegevu wa injini tu. Ukitaka tairi bora kwenye gari la hospawa 200, panda kwa ubora wa mpira, ukiacha upana uleule au ukiongeza milimita 10 tu.

Lakini walalamikaji hawakuwa wanaota. FA20 ina kasoro inayohisika, ila wengi waliipa jina lisilo lake. Tatizo halikuwa hospawa za kileleni. Lilikuwa msokoto, yaani nguvu ambayo injini inazungushia krenki, mhimili wake mkuu, ambayo ndiyo unayoihisi mgongoni unapokanyaga. Injini hii hutoa msokoto wake mkubwa, Nm (nyutonmita) 205, ikiwa imeshapanda hadi mizunguko 6,400. Kabla ya hapo, takribani kati ya 3,500 na 4,500, kuna bonde: msokoto unashuka badala ya kupanda. Umekanyaga ekseleta hadi chini, injini inanguruma, lakini ule msukumo unapotea kwa muda kisha unarudi.

Rudi kwenye ile kona ya kilomita 75 kwa saa. Ukiwa gia ya tatu, kwa meno ya difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) ya uwiano wa 4.1 na tairi zake za kiwandani, injini inazunguka kama mara 4,000 kwa dakika. Uko katikati kabisa ya bonde. Ukiwa gia ya pili, inazunguka kama mara 5,700, na hapo gari ni jingine: kali, linaitika, linatoka kona likivuta. Gari lilelile, kona ileile, hospawa zilezile 200. Anayelijaribu kwa dakika 10 akiwa gia ya tatu atasema limechoka.

Kwa hiyo tunapouliza kama gari linahitaji nguvu zaidi, tuulize kwanza ni sehemu gani ya nguvu iliyopo inatumika. Kwenye 86, gia ya kwanza inaishia kama kilomita 59 kwa saa injini ikifika mwisho wake, mizunguko 7,400. Ya pili inaishia 97, ya tatu 138. Tanzania na Kenya mwendo ndani ya makazi ni 50, na Kenya barabara kuu zenye njia mbili kila upande zinaruhusu 110. Maana yake unaweza kuikamua injini hii mpaka mwisho, ukabadilisha gia mara moja ikiwa imefika juu, na bado hujavunja sheria ukiwa barabara kuu. Gari la hospawa 400 linafika 100 kabla hujamaliza kukaza mkono kwenye usukani. Baada ya hapo unaachia ekseleta na kukaa. Sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia inabaki bila kutumika.

Kuna mahali ambapo hoja ya nguvu zaidi ina uzito, nako ni kwenye mwinuko. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani. Injini inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho: hospawa 200 za Mombasa au Dar es Salaam zinakuwa kama 170 Nairobi, na uwiano unatoka 161 hadi 137. Turbo inasukuma hewa ndani kwa presha, kwa hiyo hupoteza kidogo sana. Anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret akisema 86 ni nzito kupanda mlima akiwa na abiria, ana haki, na mwenzake wa Tanga asimbishie.

Je, aongeze turbo? Inawezekana, ila ajue kinachofuata. FA20 ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, mkubwa kwa injini itakayoongezewa hewa ya presha. Petroli ikiwa ya okteni ya chini au kompyuta ya injini ikipangwa vibaya, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ndizo zinazopinda au kukatika. Joto la oili linapanda, kwa hiyo kipoza oili si hiari. Klachi ya kiwandani inaanza kuteleza. Dalili yake ni mizunguko kupanda ghafla gia ya nne au ya tano huku kasi ikibaki palepale. Halafu breki. Nishati ya mwendo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ukifika 180 mwisho wa mnyooko wa uwanja wa mbio ambako ulikuwa unafika 160, joto ambalo diski zingelimeza kulisimamisha gari kabisa limeongezeka kwa asilimia 27. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama na gari halisimami. Kila kifaa unachoongeza kukabili hayo kina kilo zake na bei yake, na gari lililokuwa jepesi na la bei nafuu linaanza kuacha kuwa yote mawili.

Ningeshauri pesa iende kwingine kwanza. Badilisha mafuta ya breki na uweke padi zinazohimili joto. Fanya alaimenti kwa fundi mwenye mashine, na usitoke kabla hajakuonyesha namba za pande zote nne. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Baada ya hayo, kama bonde bado linakukera, lishughulikie lenyewe: manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda) iliyopangwa vizuri pamoja na kupanga upya kompyuta ya injini hupunguza kina chake waziwazi, bila turbo. Njia nyingine ni difu. Toyota wenyewe, kwenye toleo la 2017 la gia za manyuali, walitoka meno ya 4.1 wakaenda 4.3. Hilo huongeza msukumo kwenye magurudumu kwa karibu asilimia 5 katika kila gia, na injini inapanda mizunguko haraka zaidi.

Kizazi cha pili kilipotoka 2021, injini ilikuwa ya lita 2.4, bado bila turbo. Japani iliandikwa hospawa 235 kwa kilo 1,270 hivi, uwiano wa 185. Vichwa vya habari vilishika zile hospawa 35 zilizoongezeka. Namba ya kutazama ni nyingine: msokoto mkubwa, sasa Nm 250, unapatikana kwenye mizunguko 3,700. Ile kona ya kilomita 75 kwa saa, gia ya tatu, pale palipokuwa na bonde, sasa unakanyaga na gari linaondoka bila kurudi gia ya pili.