Je, wajua kwa nini mashini ya vita ya tani 100 haiwezi kuvaa deraya zote kwa mpigo?

Swali si langu, ni la binamu yangu, kijana wa kidato cha pili aliyekuja kwetu Umoja Jumamosi moja akatupata tumetandaza ramani ya BattleTech kwa meza ya kulia chakula, dadu zingine zimeingia chini ya kochi, kila mtu ameshika penseli na anabishana. Akachungulia karatasi zetu akaona kuna deraya ya kuzuia leza, kuna ya kuzuia makombora, kuna ile ngumu kuliko zote, kuna ya kujificha, akauliza tu hivi, "Sasa si muweke zote muache kelele?" Watu walicheka lakini mimi nikaona hapana, huyu ameuliza kitu ya maana.

Kwa wasiojua, BattleTech ni mchezo wa mezani uliotolewa na kampuni ya FASA ya Chicago mwaka 1984, wakati huo ukiitwa BattleDroids, halafu mwaka uliofuata jina likabadilishwa kwa sababu watu wa George Lucas, yule wa filamu za Star Wars, walikuwa washashika hilo neno la droid. Vita ni vya karne ya 31 huko na watu wanapigana wakiwa ndani ya meki, yaani mashini kubwa ya chuma inayotembea kwa miguu, dereva amekaa kichwani, uzito ni kuanzia tani 20 hadi 100. Na deraya ni ile ile unaisikia kwa taarifa ya habari wakisema magari ya deraya, lile bamba la nje linalokula risasi ili wewe usizile.

Sasa fikiria mizani ya Mlolongo. Lori la ekseli 7 mwisho wake kisheria ni tani 56, hapo ni gari na mzigo pamoja. Mwenye lori akisema anataka bampa ya kutisha na mabamba ya chuma kila upande, sawa, lakini hizo kilo lazima zitoke mahali, na zitatoka kwa mzigo. Meki ni hivo hivo. Zile tani 100 ndizo injini, mifupa, bunduki, risasi, mitambo ya kupoza joto na deraya, zote zinagombania mizani moja. Deraya ya kawaida inakupa pointi 16 kwa kila tani, kila pointi inakula pointi moja ya madhara, na meki ya tani 100 haikubaliwi kupita pointi 307 mwili mzima, kwa hivyo ukijaza kabisa umekula tani 19 na nusu na hujanunua hata bunduki moja. Karibu moja kwa tano ya mashini ni ngozi tu!

Halafu kuna nafasi, na hapa ndipo wageni huumia. Kuna deraya inaitwa ferofaibrasi, nyepesi kidogo, pointi zile zile 307 unazipata kwa tani 17 na nusu, umeokoa tani 2 mzima mzima. Unafurahi. Kumbe hio kitu ni nene, inakula nafasi 14 kati ya 78 zilizoko ndani ya mwili wa meki, kwa hivyo unabaki na tani 2 za bunduki na hakuna mahali pa kuiweka hio bunduki. Ni kama kutupa blanketi nzito ukanunua ile dufe kubwa ya manyoya, nyepesi kweli, lakini unaishi bedsita na sasa kabati haifungi.

Basi ukishakubali kuwa uzito una mwisho na nafasi ina mwisho, swali la binamu linageuka, haliko tena kwa deraya gani ni kali zaidi, liko kwa nani anakuja kukupiga na atakuja na nini. Kwa sababu hizi deraya hazifanyi kazi kwa njia moja, na hapa wacha nitoke kwa mchezo kidogo niende kwa vifaru vya ukweli, maana ile deraya ya kuzuia makombora si ndoto ya mtu, iko.

Kombora la kuvunja kifaru ndani lina koni ya shaba. Baruti ikilipuka nyuma ya hio koni inaifinya mpaka inakuwa kama sindano ndefu inayoenda kilomita kadhaa kwa sekunde moja, na watu wengi hudhani inayeyusha chuma, hapana, inasukuma tu kwa presha ambayo chuma kigumu kinasongea kando kama ugali ukidungwa na kidole. Kuongeza unene kunasaidia lakini utaongeza mpaka lini? Ndio wakaja na akili nyingine, unachukua mabamba mawili membamba, katikati unapaka baruti kama jemu kwa mkate, unabandika visanduku vya hivo nje ya kifaru. Sindano ikigusa tu, jemu inalipuka, mabamba yanaruka kila moja upande wake yakiikata ile sindano, inafika kwa kifaru ikiwa vipande. Israeli ilienda nayo Lebanon mwaka 1982. Wazo kali sana kusema ukweli, unajilinda kwa kujilipua.

Lakini angalia gharama. Kisanduku kikishalipuka kimeenda, hapo palipokuwa nacho pako uchi. Wanajeshi wako wanaotembea kando ya kifaru wanaumia na mlipuko wenu wenyewe. Na adui naye hakulala, akatengeneza kombora la vichwa viwili, kidogo kinatangulia kulipua kisanduku halafu kikubwa kinafuata nyuma, kama mwizi anayetuma mtoto abishe mlango kwanza. Kwa meza yetu pia deraya hio inakata madhara ya makombora nusu, vizuri sana, lakini mtu akikupiga na leza haikusaidii kitu.

Ya leza ni kinyume chake. Hio inang'aa, inarudisha mwanga, hata mzinga wa kurusha chembe, ambao mchezo unauhesabu pamoja na leza, madhara yake ya pointi 10 yanakuachia 5. Kwa fizikia ya kawaida inaingia akilini, kioo kinarudisha mwanga, tatizo ni kwamba kioo kizuri namna gani bado kinameza kidogo, na kikichafuka kinameza zaidi, sasa wewe fikiria kioo cha vita kimetembea kwa vumbi, halafu uchafu uliobaki juu ndio unachomeka kwanza na kuharibu kioo chenyewe. Aliyeosha gari asubuhi akapita barabara inayochimbwa ananielewa.

Waandishi wa mchezo waliiwekea adhabu nyingine, hio deraya ni kama imekauka, haipendi kugongwa. Teke, ngumi, ama kuanguka, madhara ni mara mbili. Mimi hii nilijifunza vibaya. Nilikuwa na meki ya tani 75, nimeipaka kioo juu mpaka chini kwa sababu mpinzani wangu, jirani wa ghorofa ya nne, mzee mpole wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi, wiki iliyopita alikuwa ameniua na leza. Wiki hio akaja na makombora, na meki ya tani 80. Akanisogelea pole pole akipiga story za bei ya vyuma, akafika karibu, akarusha teke. Teke ni uzito kugawanya kwa tano, yaani 16, mara mbili 32. Mguu wangu ulikuwa na pointi 32. Nikafuta pointi zote za mguu kwa karatasi mpaka ya mwisho, nikarusha dadu nione kama nitasimama, nikaanguka, na kuanguka nako kukahesabiwa mara mbili. Mzee akaniambia, "Kijana, mteja wa matatu akiniletea gari, mimi humuuliza kwanza anapita njia gani. Wewe hukuuliza."

Alikuwa sawa, na inakera.

Ile ngumu kuliko zote sitaimalizia muda. Kila pointi inahesabika kama mbili, lakini tani moja inakupa pointi 8 tu, kwa hivyo ukitaka zile 307 unalipa tani 38 na nusu, na bado inakuondolea hatua moja ya kukimbia. Meki ya tani 100 ya kawaida inakimbia hatua 5, sasa ni 4, na silaha zilizobaki ni za aibu. Wajerumani walijaribu hii akili kwa ukweli kwenye vita vya pili vya dunia, wakaunda kifaru kinaitwa Maus, tani 188, na madaraja mengi hayangekibeba, mpango ukawa kivuke mito kikitembea chini ya maji. Zilitoka mbili tu za majaribio. Nani akupige kama huwezi hata kufika kwa vita?

Ya kujificha nayo inasumbua mitambo ya adui ya kulenga, lakini inakupikia joto la pointi 10 kila zamu, unakaa kama matatu imepanda Limuru Road ikichemsha rejeta. Mimi siipendi, ingawa kuna jamaa wetu anaapa nayo.

Kitu kimoja binamu alikipata haraka kuliko sisi ni kwamba sheria zinakubali viraka, mkono deraya hii, kifua ile, mguu nyingine, yaani "zote" yake inawezekana kiasi, mradi kila kipande kilipiwe uzito na nafasi zake. Akakaa na karatasi dakika kama 40 hivi, uji umepoa, akaweka kioo kifuani, miguu akaacha ya kawaida kwa sababu alikuwa amesikia hadithi ya teke, mgongo akaubania akisema yeye hana mpango wa kugeuka. Si mbaya kabisa, hata vifaru vya ukweli chuma kinene kiko mbele na nyuma ni nyembamba.

Tukacheza. Zamu ya tatu mzee akafyatua bunduki ya Gauss, ile inayorusha chuma kwa nguvu ya sumaku, dadu za kuonyesha imepiga wapi zikatoka sita na sita, 12, ambayo ni kichwa, nafasi moja kwa 36. Kichwa cha meki yoyote mwisho wake ni pointi 9 za deraya na 3 za mifupa, jumla 12, hata iwe na tani 100, na madhara ya Gauss ni 15. Meki ikabaki imesimama na ngozi yake nzuri haijaguswa, dereva hayuko. Binamu hadi leo anasema dadu moja ilikuwa imeegemea kikombe na ingefaa irushwe tena.