Haiba ya Mtoto Hujengwaje? Maswali na Majibu kuhusu Nadharia za Saikodainamiki

Nadharia za saikodainamiki zinadai nini hasa kuhusu haiba ya mtu?

Zinadai mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba mengi yanayotusukuma kupenda, kuogopa, kukasirika na kutenda hufanya kazi bila sisi wenyewe kuyatambua. La pili ni kwamba haiba, yaani namna ya kudumu ambayo mtu huhisi, hufikiri na huishi na wenzake, huanza kujengwa katika miaka ya mwanzo ya maisha, ndani ya uhusiano wa mtoto na wale wanaomlea. Nadharia hizi zilianzia Vienna, mji mkuu wa Austria, mwishoni mwa karne ya 19, pale daktari wa mishipa ya fahamu Sigmund Freud (1856–1939) alipoanza kuwatibu kwa mazungumzo wagonjwa ambao viungo vyao vilipooza au sauti zao zilipotea ilhali hakuna ugonjwa wa mwili ulioonekana. Freud alihitimisha kwamba hisia na kumbukumbu zisizovumilika hazifutiki, bali husukumwa mbali na utambuzi, kisha hujitokeza kwa sura nyingine. Mwaka 1923 aliieleza nafsi kuwa na pande tatu zinazovutana: matamanio ya asili yanayotaka kutimizwa papo hapo, dhamiri inayotokana na makatazo ya wazazi na jamii, na nafsi tambuzi ambayo hulazimika kuyapatanisha hayo mawili na hali halisi ya maisha.

Je, hatua za makuzi alizozieleza Freud bado zinakubalika?

Kwa kiasi kidogo tu. Freud aliamini kwamba mtoto hupitia hatua ambazo raha yake hujikita kwanza mdomoni, kisha katika kujifunza kuzuia haja, kisha katika sehemu za siri pamoja na ushindani na mzazi wa jinsia yake, na kwamba mtu aliyekwama katika hatua mojawapo hubeba alama yake hadi utu uzima. Udhaifu wa maelezo hayo ni kwamba yalitokana zaidi na simulizi za watu wazima wachache waliofika kutibiwa, si na uchunguzi wa watoto wenyewe. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba huko mwenye mamlaka juu ya mtoto wa kiume ni mjomba, na mvutano ambao Freud aliudhani kuwa wa mwana na baba ulielekezwa kwa mjomba huyo. Kwa hiyo jambo lililodhaniwa kuwa la wanadamu wote lilitegemea kwa sehemu mpangilio wa familia.

Sehemu ya kazi ya Freud iliyobaki na manufaa zaidi ni ile inayohusu mbinu za nafsi za kujikinga, yaani njia ambazo nafsi hutumia bila kujitambua ili kuepuka hisia zisizovumilika, ambazo Anna Freud, binti yake, alizipanga vizuri mwaka 1936. Mtoto wa miaka minne aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena mdogo wake anapozaliwa, na mtu aliyefedheheshwa kazini anaweza kurudi nyumbani akamfokea mwanawe bila kujua kwamba hasira yake si ya mtoto. Mzazi anayeelewa hayo hataharakisha kumchapa mtoto huyo aliyekojoa, na huyo aliyefedheheshwa kazini huenda akajizuia mapema.

Waliomfuata Freud walibadilisha nini?

Walihamisha uzito kutoka kwenye matamanio ya mwili hadi kwenye uhusiano. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alieleza hatua nane zinazoendelea hadi uzeeni, ya kwanza ikiwa ni ile ambayo mtoto mchanga hujifunza kuuamini au kutouamini ulimwengu. Naye Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alisisitiza jambo ambalo natamani kila mama aliyechoka alisikie: mtoto hahitaji mama asiye na kasoro, bali mama wa kutosha, anayekosea na kurekebisha, kwa sababu makosa madogo yanayorekebishwa humfundisha mtoto kuvumilia.

Kwa nini Uganda hutajwa katika historia ya nadharia hizi?

Kwa sababu mojawapo ya misingi yake imara iliwekwa huko. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa London, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyotoka mwaka 1951 kuhusu watoto waliokosa makao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alidai kwamba mtoto huzaliwa akiwa na hitaji la kuambatana na mlezi anayemfahamu, kama anavyozaliwa na hitaji la chakula, na kwamba kutenganishwa naye kwa muda mrefu humuumiza. Dai hilo lilipingwa sana, na lilihitaji ushahidi wa watoto wanaoishi nyumbani kwao.

Ushahidi huo ulianza kukusanywa na Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na Bowlby na aliyefika Kampala mwaka 1954. Alipata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, na kwa miezi kadhaa, akisaidiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na mji zilizokuwa na watoto wachanga 28. Alirudi katika kila nyumba takribani kila baada ya wiki mbili, akakaa sebuleni saa mbili hivi, akitazama na kuuliza. Hapo mwanzo alitaka kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa ndugu anapoachishwa ziwa, lakini alipokuta familia nyingi zimekwisha kuiacha, aligeukia namna mtoto anavyoambatana na mama katika maisha ya kila siku. Aliona watoto wakitambaa mbali kuchunguza vitu, wakigeuka kumtazama mama, wakirudi kumgusa, kisha wakienda tena. Mtoto mwenye uhakika kwamba mlezi yupo ndiye aliyethubutu kwenda mbali. Yule asiye na uhakika huo alilia hata akiwa amebebwa. Mambo matatu yaliambatana na uhakika wa mtoto. Yalikuwa uwepo wa mama, furaha yake ya kumnyonyesha, na ujuzi wake wa mambo madogo madogo ya mwanawe, kiasi cha kuweza kuyasimulia kwa kina alipoulizwa.

Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na utafiti aliouanza Baltimore, Marekani, ulithibitisha mengi aliyoyaona Uganda. Ni haki kusema kwamba akina mama wa Buganda waliufundisha ulimwengu wa saikolojia jambo kubwa, ingawa vitabu vingi vya kiada hulitaja la Baltimore na kulipita la Kampala.

Mtoto wangu analelewa na bibi yake, na mchana hubaki na dada wa kazi. Je, haiba yake itaharibika?

Hapana, si kwa sababu hiyo pekee. Ainsworth mwenyewe aliona Uganda kwamba watoto walioambatana na mama waliambatana pia na baba, bibi au ndugu wakubwa. Kinachomdhuru mtoto ni walezi kubadilika mara kwa mara, au mlezi aliyepo asiyemjali anapolia. Kama dada wa kazi hana budi kuondoka, ni vyema mpya aingie siku kadhaa kabla yule wa zamani hajaaga, na mtoto aambiwe wazi badala ya kuamka na kukuta mtu wake hayupo. Mzazi anayekwenda kufanya kazi mbali, iwe Nairobi au Muscat, amuage mtoto ana kwa ana, na kama ataahidi kupiga simu siku fulani, apige siku hiyo.

Je, kila tatizo la mtoto hutokana na malezi?

La, na hapa nadharia hizi ziliwahi kuwaumiza watu. Katikati ya karne ya 20 baadhi ya wataalamu walidai kwamba usonji husababishwa na ubaridi wa mama, na Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza dai hilo kwa nguvu. Lilikuwa kosa. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo urithi una nafasi kubwa ndani yake, na mama hana lawama. Hata haiba ya kawaida hutokana kwa sehemu kubwa na maumbile ya kurithi, na ndiyo maana watoto wawili wa nyumba moja huweza kuwa tofauti sana tangu siku za kwanza.

Mtu aliyekosa malezi mema utotoni anaweza kupona?

Anaweza kupata nafuu kubwa, ingawa muda una uzito wake. Huko Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya watoto na kulinganisha waliohamishiwa kwa familia za malezi na waliobaki katika utaratibu wa kawaida. Waliohamishwa waliendelea vizuri zaidi, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha takribani miaka miwili. Kwa mtu mzima, ndoa yenye utulivu, rafiki mwaminifu au mshauri nasaha mwenye ujuzi huweza kumpa uzoefu mpya wa kuaminika. Katika tiba ya saikodainamiki, mgonjwa hukutana na mtaalamu kwa ratiba isiyobadilika, mara nyingi kila wiki kwa miezi kadhaa, na wote wawili huutafuta mtindo unaojirudia, kwa mfano kuvunja kila uhusiano unapoanza kuwa wa karibu.

Ni lini nitafute msaada?

Mpeleke mtoto kituo cha afya ikiwa haendi kwa mtu yeyote anapoumia au anapoogopa, ikiwa humfuata mgeni yeyote bila kusita, au ikiwa amepoteza maneno na uwezo aliokwisha kuupata. Mtu mzima aende ikiwa huzuni, hofu au hasira inavuruga kazi na familia yake kwa wiki kadhaa, na aende siku hiyo hiyo akipata mawazo ya kujidhuru. Kituo kinaweza kutoa rufaa kwa huduma za afya ya akili za wilaya au mkoa, na zaidi ya hapo zipo hospitali za taifa kama Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala.