Mandarini hafundishwi na njaa

Wengi wanaofuga samaki wa matumbawe nyumbani huamini kwamba samaki anayekataa chakula cha dukani anaringa tu. Njaa ikimzidi atakula. Kwa mandarini (Synchiropus splendidus), imani hiyo inaua.

Samaki huyu wa Pasifiki ya magharibi, mwenye rangi za kuvutia kama kitenge kipya, huwinda wanyama wadogo mno walio hai, hasa kopepodi, akiwadonoa mmoja mmoja kwenye mawe mchana kutwa. Punje kavu inayozama bila kujitikisa haioni kuwa ni chakula.

Kinachopotosha zaidi ni kwamba haachi kudonoa. Mwenye tangi humtazama akaridhika, kumbe kopepodi walikwisha zamani, hasa kama kuna samaki wengine wanaowawinda. Mwangalie tumbo: likibonyea, na nyama nyuma ya kichwa ikipungua, shuku njaa kwanza. Ute mzito unaomfunika humkinga kiasi na vimelea vya ngozi. Ukikimbilia dawa ya shaba ya kuua vimelea ndani ya tangi, utaua hata kopepodi waliobaki, na matumbawe pia.

Tangi jipya halimfai. Subiri mawe yajae kopepodi, au weka chumba cha mwani pembeni wazaliane humo bila kuliwa. Artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyohiyo husaidia kumrudishia mwili. Mandarini waliozalishwa kwenye matangi mara nyingi hukubali chakula kilichogandishwa. Bei yao iko juu, lakini mimi ningelipa.